Kila Mkunjo Una Kwao

Saa kumi na moja jioni jua la Dodoma hushuka hadi usawa wa macho, na halimstahi mtu. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimesimama njia ya Nkuhungu kikingoja bajaji zipite. Nyuma yake kimefungwa kwa kamba kitanda cha sofa kipya, futi 5 kwa 6, velveti ya kijivu, miguu bado ina nailoni. Mwanga unakipiga kwa ubavu. Kutoka kila kona ya juu ya kichwa cha kitanda inashuka mikunjo mitatu au minne, imetawanyika kama unyayo wa kuku. Dukani, chini ya taa ya dari, isingeonekana.

Na hakijalaliwa hata usiku mmoja.

Picha hiyo imegoma kutoka kichwani kwa wiki kadhaa, na swali lake ni moja: kitu ambacho hakijaguswa kimezeekaje? Jibu la haraka mtaani ni kwamba kitambaa ni feki. Basi mtu anakwenda kununua kitambaa cha bei zaidi, anakipiga juu ya ubao uleule na sponji ileile, na kiangazi kinapokwisha yuko palepale alipoanzia.

Kitambaa kinasingiziwa. Kinachofanya ni kusema hadharani yaliyofanyika chini yake.

Ndiyo maana anayetaka kutengeneza kichwa cha kitanda nyumbani ajifunze kwanza kusoma mikunjo, kisha ndiyo ashike msumeno. Kazi yenyewe haihitaji karakana. Inahitaji sakafu tupu, siku chache za kazi, na subira ya kungoja mbao.

Mikunjo husomwa

Unyayo wa kuku kwenye kona una maana moja: kona zilipigwa pini za mashine (stepla) mapema. Fundi alivuta kitambaa kwa mshazari kabla katikati hakujakaza, na nyuzi zikapinda zikaelekea kona. Hata ukilalie mwaka mzima, hakinyooki.

Mawimbi madogo yanayofuatana pembeni, bonde na kilima, bonde na kilima, yanatokana na pini zilizo mbalimbali. Kila pini imevuta kwake, na kati ya pini hakuna aliyevuta.

Mkunjo mlegevu katikati, pale mgongo unapoegemea, hauhusiani na pini. Weka kiganja, bonyeza kidogo, kisha sukuma kwenda kushoto. Kitambaa kikitembea pamoja na mkono na kutengeneza kiwimbi mbele yake, sponji imekufa. Imepungua unene, na kitambaa kilichokatwa kwa unene wa zamani sasa ni kikubwa kwake, kama shati la mtu aliyekonda.

Mstari mwembamba unaofuata ukingo wa juu, unaong'aa kwa kuchakaa, ni ukingo wa ubao ambao haukupigwa msasa. Hapo kitambaa kitachanika kabla ya mahali pengine popote.

Na kuna ule wa ngozi bandia: mtu akiegemea inavimba kama puto, akiondoka inanywea na kubaki na makunyanzi. Hewa ya ndani ya sponji haina pa kutokea.

Mashitaka matano, na hakuna hata moja la kitambaa.

Sponji ipimwe kwa mzani

Neno "hai densiti", yaani msongamano mkubwa, linaandikwa hata kwenye sponji ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inachukua muda kurudi kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kidole gumba chenyewe nacho hudanganya, kwa sababu kuna sponji iliyotengenezwa ngumu lakini ni nyepesi. Leo inakusukuma vizuri, na miezi sita baadaye imelala. Ugumu ni jinsi inavyosukuma, na msongamano ni kiasi cha mali kilichomo ndani. Kinachoamua itadumu muda gani ni msongamano.

Msongamano haufichiki mbele ya mzani.

Kipande cha futi 6 kwa 3 chenye unene wa inchi 2 kina mita za ujazo 0.085 hivi. Kiwekwe kwenye mzani wa duka jirani, hata ule wa kupimia mchele: "Kaka, samahani, naomba kupima hii mara moja tu." Kikiwa na kilo 2.4, uko kwenye kilo 28 kwa mita ya ujazo, na hiyo inatosha kabisa kwa kichwa cha kitanda. Kikiwa na kilo 1.5, uko kwenye 18. Hiyo ni ya mto wa mapambo, haifai kuegemewa na mtu mzima anayesoma simu hadi saa sita usiku. Kwa kipimo kingine chochote, zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, gawanya kwa milioni moja upate mita za ujazo, kisha gawanya kilo kwa jibu hilo.

Unene wa inchi 2 unatosha. Kwa inchi 1 utausikia ubao kwenye uti wa mgongo. Inchi 3 inapendeza ukitaka mviringo mnene pembeni, ila inakula kitambaa na inasogeza godoro mbele.

Godoro la zamani je? Linafaa kama ni zima, na watu wengi hukosea hapa. Sehemu ya katikati iliyolaliwa miaka mitano imekwisha kazi, nzuri ni ya pembeni na ya miguuni. Ukilazimika kuunga vipande, kiungo kiwe cha kulala na kikae chini, mahali mito itakapofunika. Kiungo cha kusimama katikati ya kichwa cha kitanda kitaonekana tu siku moja, hata ukiunga kwa ustadi gani.

Mbao za Mafinga, hewa ya Dodoma

Hapa ndipo shaka kubwa ilipo, na ndipo ushauri wa mjini unapopingana na mazingira ya mji wenyewe.

Paini nyingi inayouzwa hapa inatoka Mafinga na misitu ya huko Iringa, nchi ya baridi na ukungu. Mara nyingi inafika ikiwa bado na maji ndani. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha hewa inakauka hadi midomo inapasuka. Ubao unaofika mbichi mwezi Juni unaanza kutoa maji siku ileile. Unanywea kwa upana, karibu kabisa hauguswi kwa urefu, na ukikaukia upande mmoja haraka kuliko mwingine unajipinda. Ubao wa inchi 2 unaweza kupoteza milimita 2. Hilo linaonekana dogo mpaka skrubu ilegee ndani yake na kitanda kianze kulia kila mtu anapogeuka.

Kwa hiyo nunua mbao kabla ya kitu kingine chochote. Zilaze ndani ya chumba kitakachokaa kitanda, juu ya vijiti ili hewa ipite chini, zisiguse ukuta wala kupigwa jua la dirisha. Kata kipande kimoja cha sentimita 30 kutoka kwenye mbao hizohizo, kipime kwenye mzani wa jikoni, andika gramu juu yake kwa penseli. Pima tena kila baada ya siku tatu. Siku uzito utakapoacha kushuka, mbao zimekubaliana na nyumba. Katika kiangazi inaweza kuchukua wiki mbili au tatu, na wakati wa mvua zaidi.

Wengi huruka hatua hii kwa sababu haina kelele wala vumbi la kuonyesha kwamba kazi inafanyika.

Sasa mninga. Kila mwenye heshima zake atakuambia kitanda ni mninga, na kwa fremu na miguu inayoonekana hakuna ubishi. Lakini kwa kichwa kinachofunikwa kitambaa, mninga ni kosa la gharama. Mashine ya pini ya mkono haiingizi pini kwenye mninga: miguu ya pini inapinda, nusu inabaki nje, na ukigonga kwa nyundo unakata kitambaa. Paini inapokea pini kama mkate. Mbao ghali imezikwa mahali ambapo haionekani, na kazi yake inafanywa vizuri zaidi na mbao ya bei ndogo.

(Ukikuta mninga ina mstari mweupe pembeni, hiyo ni nyama ya nje ya mti, na wadudu bungua wanaipenda. Unga laini kama wa ngano ukidondoka chini ya kitanda, umeshakaribisha wageni.)

Kwa uso, plaiwudi. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni tambarare na inavutia, lakini uso wake ni mgumu kwa pini za mkono na ukingo wake unachanika ukiupiga pini au skrubu. Chipubodi usiiguse kwa kazi hii. Plaiwudi ya milimita 12 imeundwa kwa tabaka zinazopingana, ndiyo maana hainywei kama ubao. Hata fremu iliyo nyuma yake ikitikiswa na kiangazi, uso unabaki na vipimo vyake.

Vipimo vya 5 kwa 6

Godoro la futi 5 lina sentimita 152. Kitanda chenyewe, pamoja na mbao za ubavuni, hufika 158 hadi 160. Kichwa kiwe 160. Kimo cha sehemu yenye sponji kiwe 75. Godoro la inchi 8 juu ya kitanda cha kawaida uso wake huwa kama sentimita 58 kutoka sakafuni. Kichwa kikiishia 120, sehemu ya chini inaanzia 45, yaani sentimita 13 zimezama chini ya uso wa godoro. Kuzama huko ni muhimu, la sivyo mto unadumbukia nyuma na utaona ukuta kati ya godoro na kichwa. Lakini pima kitanda chako. Magodoro ya inchi 10 yanaharibu hesabu zote hizi.

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatosha na kubaki. Ikatiwe dukani, kwa sababu kipande cha 160 kwa 75 kinapita kwenye mlango wowote na kinalala kwenye bajaji ya mizigo, wakati karatasi nzima inataka gari.

Mbao za inchi 2 kwa 2 za futi 12, nunua mbili. Ya kwanza inatoa vipande viwili vya sentimita 160, juu na chini. Ya pili inatoa vitatu vya 65: kushoto, kulia na katikati. Ubao mmoja wa 2 kwa 4 wa futi 12 unatoa miguu miwili ya 119, na kipande kinachobaki kisitupwe.

Mfupa

Panga fremu chini, weka plaiwudi juu, na hakikisha pembe kwa kupima mishazari miwili: kona hadi kona, kisha kona nyingine hadi kona nyingine. Namba zisipolingana fremu imelala upande, na kitambaa kitalala upande pia. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye fremu, kisha skrubu za inchi 1½ kutoka usoni, kila sentimita 15 hadi 20, vichwa vizame. Viungo vya fremu havina haja ya ufundi mwingine, plaiwudi ndiyo inayovishika vyote.

Kisha msasa namba 80 kwenye kingo zote za mbele, mpaka ukipitisha kidole husikii makali. Pembe nne za kona uzilainishe zaidi.

Kama kitambaa ni ngozi bandia, toboa plaiwudi matundu manane ya milimita 10, yaliyosambaa. Hizo ndizo pua zake.

Sponji ikatwe 163 kwa 78, yaani sentimita 1.5 zaidi kila upande. Ziada hiyo ndiyo inayoviringika kitambaa kikivutwa, na ukingo unatoka wa mviringo. Kisu kirefu cha mkate kinakata vizuri kikipelekwa polepole bila kukandamiza, maana ukikandamiza mkato unatoka umebonyea katikati.

Gundi ya sponji ipakwe pande zote mbili, ubao na sponji, kwa mkanda wa sentimita 10 kuzunguka pembeni na msalaba katikati. Ukipaka nene popote inakauka kama kokoto na utaisikia mgongoni. Mwezi wa Oktoba saa nane mchana inakauka kabla hujamaliza kupaka, kwa hiyo fanya asubuhi. Milango wazi. Jiko la mkaa au la gesi lisiwe linawaka hata chumba cha pili, kwa sababu mvuke wa gundi hiyo unashika moto.

Juu ya sponji, pamba ya roli, ile nyeupe nyepesi inayouzwa kwa mita. Watu huiona kama anasa. Kazi yake ni kukiacha kitambaa kiteleze juu ya sponji badala ya kung'ang'ania, na kuziba mabonde madogo. Ishuke hadi ukingo wa nyuma wa fremu na ikomee hapo. Ikiingia mgongoni, pini zitashika pamba badala ya mbao.

Velveti inalala upande gani?

Hili ndilo lililochukua mawazo marefu kuliko yote, na huenda ndilo lililokipata kitanda cha kirikuu pia.

Hesabu kwanza. Upana wa 160, ongeza kila upande sentimita 5 za sponji, 1.2 za plaiwudi, 5 za fremu na 6 za kukunja mgongoni. Unapata 194 na ushei. Kimo kwa hesabu hiyohiyo ni 109 na ushei. Kitambaa cha sofa mara nyingi kina upana wa sentimita 140. Ukikilaza, yaani urefu wake ufuate upana wa kitanda, mita 2 zinatosha bila kushona popote, na hivyo ndivyo karibu kila mtu anavyofanya.

Lakini velveti ina manyoya, na manyoya yana mwelekeo. Pitisha kiganja: upande mmoja ni laini na rangi inakuwa nyepesi, ukirudi mkono unakwama na rangi inakuwa nzito. Ukikilaza kitambaa, manyoya yanatazama kushoto au kulia. Anayeingia mlangoni anaona rangi moja, aliye dirishani anaona nyingine, na kila bega linapoegemea linaacha alama ya ubavu. Manyoya yakitazama chini, alama zinajifuta kwa kupitisha mkono mara moja, na vumbi la kiangazi linashuka kwa brashi badala ya kusokotwa ndani.

Kinachozuia watu kukisimamisha ni imani kwamba kitambaa kitakwenda mara mbili. Hebu hesabu tena. Unahitaji vipande viwili vya kimo cha sentimita 110: mita 2.2, sema 2.3 kwa usalama. Kipande cha kwanza kinatoa paneli ya katikati ya 83. Cha pili kinatoa paneli mbili za pembeni za 59.5 kila moja. Mshono unakula 1.5 kila ukingo, na jumla yake ni 196. Usoni utaona 40, 80, 40, na mishono miwili inayosimama wima kama imekusudiwa.

Tofauti ni sentimita 30 za kitambaa na nusu saa ya cherehani.

Kitambaa cha lineni kisicho na manyoya wala picha, kilaze bila wasiwasi. Chenye maua au ndege usikilaze, utalala chini ya ndege walioanguka ubavu.

Kuhusu rangi, jambo moja tu: mafuta ya nywele. Baada ya miezi kadhaa yanachora duara mbili juu ya mito, na kwenye krimu hazifichiki. Chukua rangi ya kati, au shona kifuniko cha kuvua na kufua kwa ajili ya sehemu ya katikati.

Pini

Chora mstari wa chaki katikati ya kitambaa kwa nyuma, na mwingine katikati ya fremu. Ilingane. Laza kitambaa kifudifudi, weka ubao juu yake sponji ikiangalia chini.

Pini ya kwanza katikati juu. Ya pili katikati chini, ukivuta hadi kitambaa kikae bila kuzamisha sponji. Ya tatu kushoto katikati, ya nne kulia. Kisha sentimita 10 kila upande wa pini ya juu, halafu 10 kila upande wa ile ya chini, na hivyohivyo kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje. Simama sentimita 12 kabla ya kona. Kona zote nne ziachwe wazi.

Mkono utakuwasha kuzimaliza. Uzuie.

Pini za miguu ya milimita 8 zinatosha, kwenye mikunjo minene ya kona chukua 10. Zilale sambamba na ukingo, siyo kuuelekea, ili zishike nyuzi nyingi. Katika mzunguko huu wa kwanza zisiingie zote, ziachwe zimeinuka kidogo ili bisibisi bapa liweze kuzing'oa. Acha usiku upite. Kitambaa kilichovutwa kinalegea chenyewe kidogo, na asubuhi utagundua upande mmoja unaruhusu nusu sentimita zaidi. Vuta tena, sasa kwa pini za kudumu, kila sentimita 3.

Kipimo cha mkazo: usoni, katikati, jaribu kufinya kitambaa kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo mkubwa kuliko sentimita 1, bado. Usipopata hata kidogo na sponji imebonyea pembeni, umezidisha, na mawimbi ya pini yanakuja.

Kona sasa. Vuta ncha ya kitambaa moja kwa moja kuelekea katikati ya mgongo, pini moja. Punguza ziada ibaki kama 1.5. Kitambaa kinachobaki kila upande kikunje mikunjo miwili midogo badala ya mmoja mnene, na mdomo wa mkunjo uangalie ubavuni. Ukiangalia juu, kila anayesimama atauona, na vumbi litatua humo.

Vifungo, kwa ufupi

Vile vifungo vinavyozama na kutengeneza almasi vinapendeza dukani. Dodoma kila shimo la kifungo ni bakuli la vumbi, na kifyonza vumbi hakipo nyumba nyingi. Ukivitaka hata hivyo, usikisie kitambaa. Chukua kipande cha sponji, zamisha vifungo viwili kwa umbali uliokusudia, pitisha futi ya kupimia kwa kufuata bonde na kilima, na kizidishe kipimo hicho kwa idadi ya nafasi. Kitakuwa kikubwa kuliko ulivyodhani. Uzi uwe wa nailoni na ufungwe kwa pini zilizopigwa zigizaga nyuma ya ubao. Fundo peke yake litalegea.

Mistari ya kusimama inaleta mvuto uleule bila mabakuli.

Miguu au ukuta

Mji uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukangoja, kisha tangu serikali ilipoanza kuhamia kweli 2016 wapangaji wakajaa Ipagala, Ilazo, Nzuguni, mpaka njia ya Mtumba. Mpangaji hatoboi ukuta wa watu. Na anayehama kila mwaka au miaka miwili anahitaji kichwa kinachofunguka kwa spana moja.

Kwa hiyo miguu. Inafungwa mgongoni, mwisho kabisa, kwa skrubu za inchi 3½, mbili kila inapokatiza ubao wa juu na mbili kila inapokatiza wa chini. Zinapita mguu na kuingia fremu karibu sentimita 4 bila kutokea usoni. Kwenye kitanda, boliti mbili za milimita 8 kila mguu, zenye washa pande zote, tundu la milimita 9. Kati ya mguu na kitanda weka kipande cha tyubu ya baiskeli. Kelele nyingi za vitanda ni mbao mbili zinazosuguana, na mpira huo unazinyamazisha. Chini ya mguu pia uweke, ili paini isiguse sakafu, na usiegemeze mgongo ukutani moja kwa moja: mchwa wanapanda kwa vijia vya udongo mahali usipoona.

Mwenye nyumba yake anaweza kutundika. Ubao wa 1 kwa 4 upasuliwe kwa urefu kwa pembe ya digrii 45. Nusu moja ifungwe ukutani, mdomo ukitazama juu, nyingine mgongoni pa kichwa, mdomo chini, zikabane. Kazi nzima ina uzito wa kilo 17 hadi 20, na mtu akiegemea inaongezeka, kwa hiyo skrubu nne za inchi 3 na plagi zake ziingie kwenye tofali. Plasta usiihesabu.

Mgongo

Mgongo wazi ni nyumba ya kunguni. Fremu, mikunjo ya kitambaa, giza, na mtu wa kunyonywa yuko sentimita 20 mbele. Ufunikwe wote kwa kitambaa cheusi chepesi, kingo zikunjwe ndani, pini zikaribiane, kisha miguu ifungwe juu yake. Hakizuii kila mdudu, lakini kinapunguza maficho, na kwa kuwa kichwa kinafunguka kwa boliti nne unaweza kukigeuza na kukikagua.

Ila kisifungwe siku hiyohiyo.

Kabla ya kitambaa cheusi, kisimamishe kichwa mlangoni saa kumi na moja jioni, ubavu ukitazama jua. Nenda hatua tano nyuma. Hapo kila kitu kinaonekana: wimbi la pini iliyovutwa peke yake, bonde ambalo pamba haikufika, mshono uliopinda milimita chache. Na kama unyayo wa kuku umejitokeza kwenye kona, chukua bisibisi bapa, ng'oa pini zote za kona hiyo na saba za kila upande wake, uanze kuvuta upya kutoka katikati kwenda nje. Kitambaa cheusi kitangoja kesho.